Tasi wa Sahare, tasi wa Kigombe: nilivyolinganisha r mbili bila kuzitoa kienyeji

Watu wa "toa tu" wamenichosha. Una koreleshoni mbili (r, kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyokwenda pamoja, kisichoweza kupita 1), 0.97 na 0.91, toa, unapata 0.06, kidogo hicho, andika "hakuna tofauti" ulale. Ushauri huo nilipewa na mtu mwenye shahada mbili, tena kwa sauti ya kunionea huruma, na nusura niuandike kwenye ripoti.

Kazi yenyewe ilikuwa samaki aina ya tasi walionaswa kwa madema pwani ya Tanga, 31 wa Sahare (r 0.91) na 35 wa Kigombe (r 0.97), urefu na uzito. Swali: je, urefu na uzito vimeshikana kwa nguvu ile ile pande zote mbili? Kupima samaki sielezi, ila tasi mshike kwa kitambaa kinene, maana miiba yake ina sumu na mkono utawaka hadi jioni. Uzito hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha urefu, kwa hiyo nilivigeuza vyote viwili kuwa logi kabla ya kutafuta r. Hapo logi yoyote inafaa, ya msingi 10 au logi asilia, r haibadiliki hata chembe. Raha hiyo ndiyo iliyokuja kuniponza.

Jaribio la kwanza nililifanya kwa kujiamini kabisa. Nikachukua kanuni ya kosa sanifu (kiasi ambacho r hucheza kutoka sampuli moja hadi nyingine) iliyozoeleka darasani: toa r mraba kwenye 1, gawa kwa n (idadi ya samaki) kutoa 2, tafuta kipeuo cha pili. Kwa Sahare, r ni 0.91 na n ni 31, ikatoka 0.077. Nikazidisha kwa 1.96, kizidishi cha mipaka ya asilimia 95, nikapata 0.15, nikaiongeza na kuipunguza kwenye 0.91. Mpaka wa chini 0.76, sawa. Mpaka wa juu 1.06. Koreleshoni ya 1.06! Samaki wanaotii kanuni kuliko kanuni yenyewe. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimebonyeza vibaya, kumbe vidole havikuwa na hatia. Kanuni ile ni ya kupima kama r ya kweli ni sifuri, basi. Kwenye sifuri, r za sampuli hutawanyika sawasawa kushoto na kulia. Kwenye 0.9 haziwezi kuvuka 1, kwa hiyo hujazana kwenye ukuta wa juu na kuburuta mkia mrefu kuelekea chini. Hakuna "ongeza na punguza" inayokubali umbo la namna hiyo.

Dawa yake ni ya zamani. Mwanatakwimu Ronald Fisher alionyesha mtawanyiko wa r mwaka 1915, na 1921 akaeleza kwa kina namna ya kuinyoosha: z = 0.5 × ln[(1 + r) / (1 − r)]. Ukishageuza, kosa sanifu ni 1 gawa kwa kipeuo cha pili cha n kutoa 3. Halitegemei tena r ni kubwa au ndogo, na hapo ndipo utamu wote ulipo.

Sasa ile logi. Kwenye Excel niliandika LOG, nikapata 0.66 badala ya 1.53, kwa sababu LOG usipoiambia kitu huchukua msingi 10. Kwenye urefu na uzito haikunidhuru, hapa ikaniharibia kila kitu. Kanuni ya Fisher inataka logi asilia, LN. Afadhali zaidi, acha kuandika kanuni nzima: andika =FISHER(0.91), na kurudi tumia =FISHERINV. Na kama umeme umekatika, kikokotoo cha kisayansi cha mwanafunzi kinatosha, maana z ya Fisher ni tanh ya kinyume tu. Bonyeza hyp, kisha shift, kisha tan, ingiza r. Kwa vingine hyp hufungua orodha, chagua tanh yenye −1. Kurudi ni tanh ya kawaida. Nilifanya kazi yote hivyo na sioni aibu.

Kwa hiyo: Sahare z ni 1.528, Kigombe ni 2.092. Mipaka ya Sahare ya asilimia 95 niliihesabu upande wa z, nikairudisha, ikawa 0.82 hadi 0.96. Tazama isivyolingana: chini imeshuka 0.09, juu imepanda 0.05. Ndivyo inavyotakiwa, na 1 haijavukwa.

Kulinganisha, unatoa z kwa z, unapata 0.565. Chini yake unaweka kipeuo cha pili cha 1/28 + 1/32, yaani 0.259. Jibu 2.18, limepita 1.96, mpaka ambao chini yake tofauti inaweza kuwa bahati tu. Ile 0.06 "ndogo" kumbe inazungumza. Na ukitaka kumnyamazisha yule wa kutoa tu, mpe 0.31 na 0.37 kwa sampuli zile zile: tofauti ni 0.06 hiyo hiyo, lakini jibu linakuwa 0.26, si kitu.

Usikate desimali mapema. Kwenye ripoti 0.97 inaweza kuwa 0.965 au karibu na 0.975. Ya kwanza ingenipa 1.88, ya pili 2.54, na hukumu inageuka katikati. Mimi yangu ilikuwa 0.970 kamili, lakini sasa naandika tarakimu nne daima.

Kuna aliyependekeza nilinganishe pia urefu–uzito na unene–uzito kwa tasi wale wale. Kwa njia hii, hapana. Samaki ni mmoja, r hizo zimefungamana, na kanuni ya hapo juu inadai sampuli mbili zisizojuana. Kwa hali hiyo kuna vipimo vyake, mtaalamu wa takwimu James Steiger alivichambua 1980. Ukitumia koreleshoni ya Spearman, inayotazama nafasi za namba badala ya namba zenyewe, zidisha 1/(n − 3) kwa 1.06 kabla ya kipeuo.

Halafu nikashtuka. Madema ya Sahare yalileta tasi wa sentimita 18 hadi 24 tu. Ya Kigombe yalikuwa na wa 12 hadi 31. Upana wa saizi peke yake hupandisha r, na Fisher hana habari na hilo, yeye anageuza unachompa. Nikarudi kwenye daftari, nikawaacha wa Kigombe walio kati ya 18 na 24 tu. Walibaki 17, na r ikashuka hadi 0.93, yaani z 1.658. Tofauti sasa 0.131, chini yake kipeuo cha 1/28 + 1/14, ambacho ni 0.327. Jibu 0.40, mbali kabisa na 1.96.

Ripoti ilibeba majibu yote mawili, 2.18 na 0.40, pamoja na saizi za samaki pembeni.