Nyasi za Bilali

Assalamu alaykum ndugu zangu katika imani.

Juzi nilikuwa kwenye basi la kwenda kwetu. Malindi tukaipita, Garsen, Witu, shuka ukaguliwe kitambulisho, panda, shuka tena, mpaka mgongo umekufa ganzi. Mokowe nikaingia mashuani nimejikunyata kama mgonjwa. Lakini mji ulipojitokeza, ule mstari wa nyumba nyeupe ufuoni na minara nyuma yake, nikajikuta nimesimama. Nahodha akaniambia, "Kaa chini, kaka, Lamu haikimbii."

Nikacheka, kisha nikamkumbuka Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam. Anas bin Malik anasimulia, katika mapokezi ya Bukhari, kwamba Mtume alipokuwa akirudi safarini akaziona kuta za Madina, humharakisha mnyama wake kwa kuipenda. Mimi sina ngamia wa kumharakisha, na mashine ya boti ni ya mwenyewe.

Tuliweke sawa jambo moja kwanza. Barazani tunapenda kusema "kuipenda nchi ni katika imani" na kuliita neno hilo hadithi. Wanavyuoni wa hadithi wamelihesabu katika yaliyozuliwa. Tusimpachikie Mtume asichokisema, na wala hatuna haja, kwa sababu yaliyothibiti yanatosha na kusaza.

Chukueni kisa cha Bilali, sahaba na mwadhini wa Mtume. Waislamu wamehamia Madina mwaka 622, mji una homa kali, Bilali amelazwa na Abubakar amelazwa. Kila homa ikimwachia kidogo, Bilali anapaza sauti kwa shairi: laiti ningejua kama nitalala tena usiku mmoja bondeni, yaani Makka, pembeni mwangu pana idhkhiri na jalili.

Idhkhiri na jalili ni nyasi! Mtu aliyeteswa kwa kulazwa juu ya mchanga wa Makka unaochoma, jiwe kifuani, katika mji uleule, anapougua hautaji utukufu wake. Anataja majani. Na idhkhiri si ua la kifahari. Makka ilipofunguliwa na Mtume akaharamisha kukata mimea yake, Abbas, ami yake, aliomba idhkhiri iachwe, kwa kuwa watu waliitumia majumbani na makaburini mwao, na ikaachwa. Kwetu tungesema makuti.

Nimelipima hili kwangu nikaona ni kweli. Nikiwa Mombasa siikumbuki Lamu ya kwenye picha, wala sikumbuki kwamba UNESCO iliuweka mji wetu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Nakumbuka harufu ya kikuba cha asumini kikinyauka juu ya mto wa bibi. Nakumbuka kwato za punda kichochoroni wakati wa alasiri, na ubaridi wa ukuta wa mawe nikiuegemeza shavu kwenye daka, nikingoja mahamri yatoke kaangoni.

Bibi Aisha, mkewe Mtume, alipompelekea habari za wagonjwa wale, Mtume hakumkemea Bilali kwa kulilia mji uliomtesa. Aliomba dua: Ewe Mola, tupendezeshee Madina kama tunavyoipenda Makka au zaidi, uipe afya, utubarikie katika pishi yake na kibaba chake, na homa yake uihamishie mahali paitwapo Juhfa.

Hapo kwenye pishi na kibaba ndipo ninaposimama kila nikiisoma. Aliombea mapenzi, kisha papo hapo akaombea afya ya mji na kipimo cha nafaka sokoni. Sisi tumeyatenganisha. Mapenzi tumeyaachia mashairi na Maulidi, zefe likipita tunalia kwa furaha (na mimi hulia, sijifichi), halafu afya ya mji tumewaachia serikali.

Pishi ya Lamu leo ni nini? Mimi nasema ni maji. Maji matamu ya mji wetu yanatokana na vile vilima vya mchanga vya Shela: mvua inanyesha, mchanga unaichuja, inatulia chini juu ya maji ya chumvi. Ukijenga juu ya kilima kile au ukizoa mchanga wake, umekigusa kibaba cha kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, hata birika la msikiti. Watu tunauza viwanja kwa mgeni, kisha jioni tunakaa barazani kumlaumu mgeni. Ibrahim, alayhi salaam, alipouombea Makka aliomba amani na matunda kwa pamoja, na lile lilikuwa bonde lisilo na mmea. Sisi tumekabidhiwa mji uliokwisha kuwa na maji.

Sasa nawaambieni langu, maana nisije nikawa mhubiri wa wengine. Asubuhi ya pili, baada ya swala ya alfajiri, narudi nyumbani nimejaa ule uchangamfu wa aliyefika kwao. Bibi yuko nje, leso kaifunga kiunoni, anazibua mtaro mbele ya mlango kwa ufagio wa chelewa. Mifuko, maganda ya maembe, na chupa ya plastiki niliyoitupa mwenyewe usiku uliotangulia, nikiwa barazani nasimulia wenzangu jinsi nilivyoukosa mji huu. Nikauruka mtaro, nikamsalimu, "Shikamoo bibi," nikashika njia ya jikoni.

"Marahaba. Si wewe uliyekuwa ukinililia kwenye simu, bibi, natamani Lamu?"

Akaninyoshea ufagio. Nikakunja kanzu, nikafagia, nikamwaga maji ndoo mbili, mtaro ukatiririka mpaka kwa jirani. Ndipo akaja punda wa mtu na magunia yake ya saruji, akasimama palepale mbele ya mlango wetu, akajisaidia kwa raha zake, akaenda zake.

Bibi akavuta kigoda, akakaa. "Anza tena, mwanangu. Maji yako pale."