Kete Zisizolala

Jana pale stendi nilinunua karanga za mia tano, zile za kukaangwa kwa chumvi, zimefungwa kwenye karatasi ya daftari iliyosokotwa mfano wa pembe. Mnanijua, karanga kwangu hazifiki nyumbani. Nilizimaliza kwenye daladala, na kwa kuwa miwani nilikuwa nayo na abiria wa pembeni alishasinzia, nikaikunjua ile karatasi nikaanza kuisoma. Mwalimu anastaafu, macho yake hayastaafu.

Ilikuwa karatasi ya daftari la hesabu, la mtoto wa darasa la pili hivi. Hesabu kumi za kujumlisha, zote zimepigwa vema kwa kalamu nyekundu, juu pameandikwa 10/10. Chini yake, palipobaki peupe, mwenye daftari alikuwa amechora malori. Malori saba. La kwanza lina kila kitu: taa, namba, mpaka utingo kaning'inia nyuma. La pili halina utingo. Kufika la saba yamebaki magurudumu mawili na mstari.

Aliyewahi kushika chaki haelezwi malori hayo ni nini. Huyo ni mtoto aliyemaliza kazi akaambiwa asubiri wenzake, akasubiri, akasubiri.

Nikamkumbuka Komwe.

Komwe si jina lake, ni jina tulilompa shuleni, kwa sababu mfukoni mwa kaptula yake hazikukosekana komwe mbili tatu, zile mbegu ngumu za kuchezea bao, za bao la babu yake. Mwaka 2002, ule wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, sina haja ya kuwasimulia. Ada imefutwa, Januari ile wazazi wamejaa uwanjani tangu alfajiri kama watu wanaopokea mahujaji, na mimi darasa la kwanza nikakabidhiwa watoto 126 na madawati kumi na manane. Waliobaki chini, kwenye sakafu. Wapo wa miaka saba, wapo wa miaka kumi na miwili waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa ada, wana sauti za kubalehe wanaimba nami "a, e, i, o, u".

Komwe alikuja anajua kusoma. Hakuna aliyemfundisha, babu yake alisema ni magazeti ya kufungia maandazi. Wiki ya kwanza tu alisimama mbele ya mama muuza ubuyu getini akamsomea jina la kanga yake kwa sauti, herufi kwa herufi, mbele ya watu, na halikuwa jina la kusomewa mbele ya watu. Yule mama alikuja ofisini kushtaki. Nilimwomba radhi huku nimeuma midomo nisicheke.

Darasani lakini hakukuwa na cha kuchekesha. Nikigeuka ubaoni kuandika hesabu ya tano, yeye keshamaliza zile nne na anaisubiri ya tano mkononi mwangu. Akishaikosa kazi, anatafuta. Siku moja nimegawa vizibo vya soda vya kuhesabia, nageuka hivi, nakuta safu nzima ya nyuma wamechora mashimo sakafuni kwa chaki yangu, chaki niliyokuwa naihesabu kama vidonge vya dozi, na vizibo vyangu vimekuwa kete. Kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Nilimchapa rula ya kiganja. Hakulia, alikitazama kiganja, halafu akaniuliza kama vizibo avirudishe kwenye kopo au aviache watoto wamalizie.

Nikaona dawa ni kumwongezea kazi. Akimaliza kumi, nampa kumi nyingine za namna ileile. Siku ya kwanza akafanya, na ya pili akafanya. Siku ya tatu akawa wa mwisho darasani kumaliza. Ya nne hivyohivyo. Mimi nikajisifu ofisini kwamba yule mtundu sasa katulia, anakwenda na wenzake. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba amekokotoa: ukimaliza mapema, malipo yake ni kuongezewa, basi ya nini kumaliza?

Nikamfanya mwalimu msaidizi, azungukie wenzake awasaidie. Hiyo ilikwenda vizuri mpaka nilipogundua anapokea maembe mabichi yenye pilipili kama malipo ya majibu. Mwalimu mkuu nikamwendea, nikamwomba tumrushe darasa. Akaniambia umri wa darasa la kwanza ni miaka saba, mtoto ana miaka saba, tatizo liko wapi? Nikamwingiza kinyemela kipindi cha hesabu cha darasa la tatu, kwa mwalimu mwenzangu tuliyeelewana. Kengele ya rimu haijagongwa, Komwe huyo mlangoni kwangu, anarudi.

"Vipi, ngumu?"

"Hapana, mwalimu. Kule nako wanasubiriana."

Ndipo nikaamua kwenda kwa babu yake, Ngamiani hapa Tanga, barabara ya tisa. Ilikuwa jioni baada ya alasiri, mwezi wa tano, mvua imekatika na barabara ina madimbwi. Barazani wamekaa wazee, katikati bao la mninga lililong'aa kwa kushikwa miaka na miaka. Anayecheza na babu yake ni mzee mmoja muuza kahawa, birika lake kaliweka pembeni linatoa moshi na hakuna anayemjali mteja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwalimu. Kakukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi kaa, nimfunge huyu kwanza."

Nikakaa kwenye kigoda. Komwe akatoka ndani, akaniamkia, akasimama begani kwangu. Sasa sheria ya baraza mnaijua: mtazamaji hasemi. Ana macho, hana mdomo. Kwa hiyo akainama sikioni kwangu, pumzi yake inanuka embe na pilipili, akanong'ona: "Babu atalala kimbi ya kushoto." Yaani kete yake ya mwisho itaangukia shimo tupu, la pembeni mwa safu, na zamu yake iishe.

Babu alikuwa hajagusa kete. Mkono uko hewani, juu ya mashimo, bado anafikiri. Kisha akachota. Tok, tok, tok, kete ya mwisho imeangukia penye kete, akala za mwenzake, akarudi na alizokula kuanzia kichwani, tok, tok, tok, akachota tena. Mimi kufika mzunguko wa pili nilishapotea. Naona mkono wa mzee unakwenda kama wa mtu anayepanda mahindi ilhali mvua iko mlangoni. Mkono ukapunguza mwendo. Kete ya mwisho ikaanguka kwenye shimo tupu. Kimbi ya kushoto. Amelala.

Nikasema moyoni, bahati. Zamu ya muuza kahawa. Sikioni: "Huyu anakula mara mbili, analala kichwani." Kichwa ndilo shimo la mwisho kabisa la safu ya mbele. Akala mara mbili, akalala kichwani.

Zamu ya babu ikarudi, na bao sasa limeshona kete upande mmoja. Mzee akaonyesha shimo atakaloanzia, kwa kidole tu, huku anageuka kuitikia salamu ya mpita njia. Nikasubiri mnong'ono. Kimya. Nikageuza shingo.

"Hii sijui," akasema. "Ngoja. Ngoja kwanza."

Nilimtazama yule mtoto badala ya bao. Midomo inacheza bila sauti. Vidole vya mkono wa kulia vinagongagonga paja, kimoja kimoja, vinasimama, vinarudi. Jasho limetoka puani, vitone vidogo, na jioni ilikuwa ya baridi. Macho hayapepesi. Miezi mitano nimekuwa naye, nimemwona kasinzia, nimemwona anachora, nimemwona anahesabu kenchi za paa. Uso ule sikuwahi kuuona. Hakuwa na habari kwamba nipo. Kama nyumba ingeshika moto nadhani angeomba tumsubiri.

"Nyumba," akanong'ona hatimaye, akimaanisha lile shimo kuu la bao, haraka, kwa maana babu keshaanza kusambaza. "Atalala jirani ya nyumba, huku."

Tok, tok, tok. Mizunguko mitatu. Kete ikalala shimo moja mbele ya pale alipopasema.

"Nimekosa kwa moja!" Alipiga kelele, baraza zima likageuka. Muuza kahawa akamkemea, babu akamtishia kofi, na yeye anacheka, ameshika kichwa kwa mikono miwili, anaruka kwenye tope. Vema zote nilizowahi kumpigia hazikumfurahisha nusu ya lile kosa moja.

Kwa babu yake nilikwenda na maneno mengi, nikatoka sijasema hata moja. Nikamwambia tu mtoto ana akili. Mzee akasema akili anazo, asizonazo ni adabu, na tukaagana.

Komwe akanisindikiza mpaka barabara kubwa, anaruka madimbwi. Karibu na kona akasimama.

"Mwalimu, kuna mtaji usiolala?" Mtaji, kwenye bao, ni mchezo wa kula kete.

"Vipi?"

"Yaani unaanza, unakula, unazunguka, unakula, unazunguka, mpaka watu wanakwenda kuswali magharibi wanarudi, bado unazunguka. Haulali kabisa. Upo?"

Ningeweza kusema sijui. Neno fupi, halina gharama. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitano kazini, na darasani kwangu mwenye kutojua alikuwa mwanafunzi. Nikamwambia, "Nitakuangalizia."

Jumatatu akaja mezani kabla ya mchakamchaka. "Shikamoo mwalimu. Umeangalia?" Bado. Jumatatu iliyofuata, bado. Ya tatu aliniamkia, akanitazama kidogo, akaenda kukaa. Hakuuliza tena, si hilo, wala jingine la namna ile. Alikuwa mtoto wa kujifunza haraka.

Sitaki mwone sikufanya kitu. Ijumaa nilianza kumruhusu achore bao nyuma ya darasa, na wale wakubwa wa miaka kumi na miwili wakamfuata, wakajua kujumlisha kuliko nilivyowafundisha kwa vijiti. Yeye nikawa namtungia maswali yake. Upande wako una mashimo 16: kete 16 zikitoka shimo moja, ya mwisho inaangukia wapi? "Hapohapo zilipotoka." Kete 20? "Shimo la nne mbele." Kete 100? Akanyamaza, akatazama kenchi. "La nne tena." Mimi ilibidi nikagawanye kwenye karatasi, na ni la nne kweli. Halafu akaongeza, kwa upole, kama anayemsitiri mtu mzima, "Lakini mwalimu, kete 100 hazipo. Bao lina 64."

Ilisaidia? Siku za Ijumaa ilisaidia. Jumatatu mpaka Alhamisi alichora. Darasa la pili akapewa mwalimu mwingine, na la tatu hakulimaliza. Mama yake alikuja kumchukua, wakahama Tanga. Babu alipofariki nilikwenda msibani nikidhani nitamwona. Sikumwona, na sikujua nimuulize nani, maana ukumbini walijaa watu nisiowafahamu, na jina la Komwe lilikuwa letu la shuleni.

Wakati mwingine najiambia labda nilimharibu kwa kumpa ladha halafu nikamwacha njiani. Wakati mwingine najiambia watoto 126, mama wee, ulitaka nini. Mume wangu husema nayakuza mambo, mtoto mwenyewe alishasahau zamani. Huenda. Yeye alikuwa na kumbukumbu ya kete 64 zinazotembea, lakini huenda.

Jana usiku nilimwomba mkwe wangu simu yake, yangu hii ya tochi haina intaneti. Nikamwambia anitafutie kuhusu bao. Kumbe wapo wasomi waliolitia bao kwenye kompyuta, wakalichunguza mtaji kwa mtaji. Na mtaji usiolala upo. Upo mpangilio ambao ukianza unazunguka bila mwisho. Dakika mbili haikuchukua. Mkwe akaniuliza, "Sasa mama, mbona umenyamaza?" Nikamwambia hamna kitu, chaji ya simu yako inaisha.

Leo asubuhi nimerudi stendi kwa yule dada wa karanga. Nikamuuliza kama amebakiwa na karatasi nyingine za daftari lile la hesabu, lenye malori. Alinitazama kama watu wanavyotutazama sisi wazee. Daftari ananunua kwa kilo, akasema, zinakuja zimechanganyika, yeye anachana tu. Nikanunua pembe nne, za chini kabisa ya beseni, labda.

Mbili ni insha ya "Siku Nitakayoikumbuka". Moja ni ramani ya Afrika haina Madagaska. Ya nne ni hesabu, mwandiko mwingine kabisa, mkubwa, umelalia kushoto, na kumi kwa kumi. Chini kwenye kona pana kitu kimechorwa kisha kikafutwa kwa mate; nimekigeuza kwenye mwanga wa dirisha, sijaweza kujua ni nini. Karanga ziko mezani, nyingi, anayepita Makorora aje tule.