Sukari ya mjomba msimu wa mabibo

Mjomba aliteremka kutoka Newala hadi kwangu Mtwara mjini akiwa na kikaratasi kilichoandikwa 7.3, yaani milimoli za sukari kwa lita ya damu. Alikuwa ametobolewa kidole asubuhi moja siku kadhaa nyuma, akaambiwa sukari inanyemelea, basi. Tangu hapo hakugusa ugali. Alikula kisamvu kitupu, na suruali ilishaanza kumpwaya.

Kwa sisi wa maabara, swali la kwanza ni mikono.

"Ulinawa, mjomba?"

"Nilitoka shamba moja kwa moja, mpwa wangu. Tulikuwa tunatenganisha korosho na mabibo."

Maji ya bibo, lile tunda la mkorosho, ni sukari. Yakikaukia kidoleni, tone la damu linayazoa na mashine inasoma vyote pamoja. Pamba ya spiriti haitoshi. Ni sabuni na maji, kisha kukausha kabisa, maana unyevu nao unazimua damu.

Kesho yake, hajala tangu usiku, mikono safi: 6.4. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, 6.1 hadi 6.9 kabla ya kula ni sukari iliyopanda bila kufikia kisukari, kinachoanzia 7.0. Tena asiye na dalili hathibitishwi kwa kipimo kimoja, wala kwa mashine ya kidole. Inatakiwa damu ya mshipa.

Nilitaka anyweshwe glukosi kisha apimwe tena, kwa kuwa wazee wengi huamka na sukari nzuri ikapanda baada ya kula. Ila si siku ile. Mwili uliokosa wanga huipokea glukosi vibaya, na majibu hutoka juu kuliko hali halisi. Nikamrudishia kwanza ugali wa makopa kwa siku tatu. Ndipo akanywa gramu 75 kwenye maji ya mililita 300, ndani ya dakika tano, akakaa saa mbili bila kutembea wala kuvuta sigara. Ikasoma 8.6. Kati ya 7.8 na 11.0 bado si kisukari, lakini si ya kupuuzwa.

"Ndiyo nimeshaupata?"

Hapana, mjomba. Utafiti wa Marekani wa 2002 ulionyesha kuwa watu wazito wenye sukari kama yake, wakitembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito, kisukari kilipungua kwa asilimia 58. Kwa wenye miaka 60 na zaidi, 71. Kitambi anacho, lakini njaa ingemla misuli, nayo ndiyo inayochoma sukari. Tukakubaliana: ugali kiasi cha ngumi, mbaazi na samaki pembeni, chai isiyo na sukari, mwendo wa nusu saa siku tano, na kipimo kingine baada ya mwaka. Uraka, pombe ya mabibo, ndio tuliobishania mpaka jioni.