Kanga tisa zilizosimama bila watu

Wa kwanza niliyemweleza wazo langu la kusimamisha kanga kwenye maonyesho ya sanaa, bila mtu ndani, alinijibu, "Mdogo wangu, chora mama na mtungi kichwani, wazungu wananunua." Kanizidi umri, nikanyamaza. Wa pili, mpangaji wa maonyesho yenyewe, akasema kanga ni nguo ya jikoni, si sanaa. Huyo sikumwacha. Nilifungua simu nikamwonyesha michoro ya Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja mwaka 1954, mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa Tuzo ya Turner, ile tuzo kubwa ya sanaa kule Uingereza, 2017. Kanga zimejaa kwenye kazi zake. "Yule yuko Ulaya," akasema, akanipa kona ya karibu na choo.

Nilitaka kanga kuukuu. Kina mama tisa wa mtaani kwetu Temeke niliwapa doti mpya za Mtaa wa Uhuru (bei mnazijua) wakanipa walizozichosha. Sharti langu moja: fundo la pindoni lije likiwa limefungwa, na mimi silifungui. Pesa siku hizi ziko kwenye simu, ndiyo, lakini simu mume huishika. Fundo halishiki. Kwenye kanga ya mama muuza genge ile pembe ilikuwa imekunjamana kama ngozi ya kiwiko, huwezi kuinyoosha hata kwa pasi ya mkaa.

Sasa kuzisimamisha. Shangazi akasema, "Uji wa muhogo, mwanangu, sisi tulikuwa tunakazia mashuka." Nikapika sufuria mbili, nikazitosa, nikazivisha kwenye wavu wa kuku niliokunja kwa umbo la wifi yangu. Jioni zilisimama, nikapiga picha, nikalala najiona fundi. Usiku ikanyesha ile mvua ya masika. Asubuhi nakuta wanawake wangu wote tisa wamepiga magoti, na wawili wameliwa matumbo na panya. Kuna jamaa alipita akatazama, akatikisa kichwa kwa hisia: "Ziache hivyo hivyo, dada. Ndiyo hali halisi ya mwanamke." Nilitamani kumtupia sufuria.

Dawa ilikuwa gundi nyeupe ya maseremala, maji kwa gundi nusu kwa nusu, na nailoni juu ya wavu ili kanga ising'ang'anie. Ilinila elfu sitini, sabini hivi, bila kuhesabu chipsi kuku za wifi aliyeinama na fagio mpaka kiuno kikamkataa. Usikaushie juani, inapasuka kwenye mikunjo. Zile mbili zilizoliwa nilizitia viraka, na watu wakadhani nimekusudia.

Ujanja ninaojivunia ni huu: zote nilizigeuza zipe mlango mgongo. Jina la kanga hukaa nyuma, wala halikuandikwa kwa ajili ya mvaaji. Kwa hiyo unaingia unasomeshwa kwanza, "Japo sipati tamaa sikati", "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Ukizunguka mbele umwone msemaji, hakuna mtu. Mmoja anafagia, mmoja kabeba mtoto, mmoja kaning'inia kwenye bomba la daladala, na ndani ni hewa tupu. Ile kona ya choo ikanisaidia, kila mtu alipita.

Siku ya ufunguzi wageni waliuliza fundo tu. Mna nini humo? Nikawa najibu sijui, na kweli sikujua. Saa kumi na moja akaja mama wa genge, kajitanda ile kanga mpya. Akaenda moja kwa moja kwenye yake, akang'ata fundo lililokauka kwa gundi, akachomoa noti ya elfu mbili ngumu kama kadi.

Mpangaji akaja mbio. "Mama, mama! Usiguse kazi ya msanii!"

Akamtazama juu mpaka chini. "Kazi ya nani?" Akatoka kuwahi daladala.