Ukurasa wa Kulia

Nilipanda basi la alfajiri pale Mbagala Rangi Tatu, mkoba nimeupakata. Begi la nguo nilimwachia utingo alitupe kwenye buti, lakini mkoba sikukubali unitoke mikononi. Ndani yake mlikuwa na madaftari 11 ya marehemu rafiki yangu, na safari yenyewe ilikuwa ya madaftari hayo. Mjane wake alinikabidhi baada ya arobaini. "Shemeji, yarudishe Kilwa," aliniambia. "Yeye mwenyewe alikuwa akisema ameyaazima."

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila shule zikifungwa, wenzake wakienda kwao, yeye alishika njia ya kusini kwenda kuwasikiliza wazee wa Kilwa Kisiwani. Mara tatu niliongozana naye. Ndiye aliyenifundisha kutolala ndani ya basi, hasa kabla ya mto Rufiji. Tukikaribia Daraja la Mkapa alinigusa goti na kuanza kusimulia habari za pantoni ya Ndundu: jinsi mvua zikikolea watu walivyokesha ukingoni na watoto na mizigo, wakingoja maji yawaruhusu. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, na kwake hiyo ilikuwa historia kama historia nyingine yoyote. Alisema tusipoiandika, wajukuu watadhani Kilwa ilikuwa karibu siku zote.

Safari hii hakuna aliyenigusa goti. Nilifungua macho mwenyewe, nikautazama mto mpana, wa rangi ya udongo, mpaka ukapotea nyuma yetu.

Somanga tulisimama kidogo. Nangurukuru nikashuka, maana basi lilikuwa linaendelea Lindi, nikapata gari la kwenda Kilwa Masoko. Nililala hapo, na asubuhi nikachukua kibali cha kuingia kwenye magofu, kisha nikateremka pwani kutafuta mashua. Mkondo kati ya Masoko na Kisiwani ni mwembamba. Upepo ukiwa mzuri, hujamaliza mazungumzo umeshafika.

Kitu cha kwanza kukupokea ni Gereza, ngome iliyo karibu kabisa na maji. Hapa ndipo rafiki yangu alipokuwa akikosa uvumilivu. Hakupenda kusikia mgeni akiyaita magofu yote "ya Wareno". Wareno waliushambulia mji mwaka 1505, wakajenga ngome yao, na mwaka 1512 wakaondoka. Tena sehemu kubwa ya ngome unayoiona leo ni kazi ya wakati wa Waomani. "Miaka saba," alikuwa akisema, akinyoosha vidole saba. "Mpangaji wa miaka saba anapewaje jina la nyumba?"

Nilikwenda moja kwa moja Msikiti Mkuu. Upande wa kaskazini ndio wa zamani zaidi. Upande wa kusini, wenye kuba na matao, uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyejenga jumba la Husuni Kubwa lenye birika la pembe nane. Nguzo za mwanzo zilichongwa kwa matumbawe. Baadaye paa liliporomoka, na mafundi wa karne ya 15 wakausimamisha msikiti upya kwa mawe na chokaa. Niliweka kiganja ukutani mahali lipu ilipobanduka. Jiwe la matumbawe lina vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, na vingine bado vimeziba kwa chokaa. Rafiki yangu alikuwa akiyapapasa mawe haya taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa.

Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akamsifu sultani huyo kwa ukarimu. Anasimulia kwamba fakiri mmoja alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Kisa hicho rafiki yangu alikipenda sana, kwa sababu kilimrudisha kwenye kisa kingine cha nguo: mapokeo yanasema mtu wa Shirazi alikinunua kisiwa hiki kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka chote. Katika madaftari ameandika masimulizi manne ya habari hiyo. Mzee mmoja anasema nguo zilitandikwa kwenye maji makavu, mwingine anasema hapana, zilipimwa nchi kavu. Hakumchagulia msomaji lipi la kweli. Kila simulizi ameliandikia jina la msimulizi, tarehe, na mahali walipokaa: chini ya mbuyu, barazani, ndani ya mashua.

Tena kila daftari ameandika kurasa za kushoto tu. Niliwahi kumuuliza mbona anaharibu karatasi.

"Ukurasa wa kulia si wangu," alinijibu. "Ni wa atakayekuja kunisahihisha."

Siwezi kusahau usiku alionipigia simu mwaka 2014, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalipotolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, baada ya miaka kumi. Sauti ilikuwa inamtetemeka. Alizijua kuta zilizokuwa zinaliwa na bahari, moja moja.

Kutoka msikitini nilikwenda kijijini, kwenye nyumba aliyoitaja mara nyingi zaidi kuliko zote. Nikapiga hodi. Bibi alikuwa barazani anasuka ukili, miyaa imelala pembeni ndani ya kitambaa chenye maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu yuko wapi?"

Ilibidi nimwambie. Mikono yake ikasimama. Alisema inna lillahi kwa sauti ya chini, kisha akakaa kimya kwa muda mrefu. Alipoanza tena kusuka, alianza kwa kufumua mistari miwili aliyokuwa ameikosea.

"Nisomee aliyoyaandika kwangu," akasema.

Nikafungua daftari la sita. Nikamsomea habari za harusi ya mama yake, za mwaka wa njaa, za watu waliohamia Masoko. Alikuwa akiitikia "ee, ee" kila nilipovuta pumzi. Nikafika kwenye kisima: "Kisima hiki kilichimbwa na babu yake bibi."

"Hapo alikosea."

Nikanyamaza.

"Babu hakukichimba. Babu alikifukua. Alikikuta kimejaa mchanga, chini akakuta kimejengewa mawe, ya hao hao wa msikitini. Nilimwambia Mwalimu, lakini siku hiyo mvua ilikuwa inapiga bati. Nadhani hakunisikia."

Nilitafuta kalamu mkobani. Ukurasa wa kulia ulikuwa mweupe kabisa, umeanza tu kugeuka manjano ukingoni. Nikaandika tarehe, nikaandika jina la bibi, nikaandika "barazani kwake, anasuka ukili". Halafu nikamwomba anisimulie tena, polepole, tangu mwanzo.