Upepo wa tairi la pikipiki: ninavyoupanga kwa abiria, mzigo na kupanda Lushoto

Kibandiko cha pikipiki yangu ya cc 150 kinasema psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 25 mbele, 28 nyuma dereva akiwa peke yake, na 32 nyuma akiwa na abiria. Hapo ndipo ninapoanzia siku zote. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni habari nyingine: inataja uzito wa juu kabisa ambao tairi linaweza kubeba na upepo unaohitajika kuubeba, wala haijui tairi limefungwa kwenye chombo gani. Ukijaziwa upepo kwa kufuata ile, tairi linakuwa gumu, linarukaruka kwenye changarawe, gurudumu la mbele linaserereka ukishika breki, na spoki zinalegea mapema.

Geji natumia yangu mwenyewe, inayoishia psi 60. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya malori hufika hadi 200 na zaidi, na kwenye uso wake tofauti ya psi 3 huioni vizuri, wakati kwa pikipiki psi 3 ni nyingi. Geji za vituo vya mafuta nazo hazilingani. Hata geji yako ikikosea kidogo, itakosea vilevile kila siku, kwa hiyo utajua upepo umepanda au umeshuka.

Napima asubuhi kabla ya kuwasha, tairi likiwa limekaa usiku kucha. Ikishindikana, liwe limepumzika angalau kwa muda wa saa tatu, tena kivulini. Joto likipanda nyuzi 6 hivi, upepo unaongezeka karibu psi 1, ndiyo maana pikipiki iliyoanikwa juani inakudanganya. Tyubu hupoteza upepo polepole hata bila pancha, kwa hiyo mara moja kwa wiki ni lazima, na kila mzigo unapobadilika.

Mzigo ndio unaoharibu hesabu za wengi. Tairi langu la nyuma ni 3.00-17 lenye alama 50P. Hiyo 50 maana yake ni kilo 190, basi, na ndani ya hizo kilo pikipiki yenyewe imo. Nyuma inakaa kama kilo 65 za chombo, dereva anaongeza takriban 45 (uzito wake mwingine unaenda mbele), abiria wa kilo 70 anaelemea nyuma karibu wote. Jumla 180. Akipanda wa pili, ile mishikaki tunayoiona kila siku, tayari uko kwenye 250, na hakuna upepo wa kuokoa hilo. Kujaza hadi psi 40 hakuongezi nguvu ya tairi lililokwisha kuzidiwa. Kwa tenga la nyanya au gunia la viazi linalolingana na uzito wa abiria mmoja, natumia 32 ileile. Likizidi kidogo napanda hadi 34 au 35, baada ya kuhakikisha ubavu wa tairi unaruhusu. Mbele naacha 25.

Kuna kipimo kingine ninachokiamini sana. Pima tairi likiwa baridi, endesha nusu saa na mzigo wako wa kawaida, kisha pima tena papo hapo. Ikiwa lilikuwa 32 na sasa ni 34 au 35, uko vizuri. Likivuka asilimia 10, yaani zaidi ya 35, tairi linajikunja mno na kuchemka: ama upepo ulikuwa mdogo, ama mzigo ni mkubwa. Usipunguze upepo wakati tairi lina moto, kwa sababu likipoa litakuwa chini ya kiwango. Subiri lipoe, kisha ongeza psi 2 au punguza mzigo.

Njia ya Tanga kwenda Lushoto inachanganya watu. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi, na kwa sababu hiyo geji inasoma psi 2 zaidi bila mtu kuongeza chochote. Wakati huohuo baridi ya kule inashusha karibu kiasi hichohicho. Viwili hivyo vinakaribia kufutana, kwa hiyo ukifika jioni acha tairi kama lilivyo, pima asubuhi. Kipimo cha moto na baridi nilichokieleza kifanye kwenye barabara ya tambarare, usikifanye ukipandisha kona za mlimani kutoka Mombo kwenda Lushoto.

Ukiacha lami na kuingia njia za udongo wakati wa masika, unaweza kushuka hadi 22 mbele na 25 nyuma, ukiwa peke yako, mwendo mdogo. Chini ya 20 sishuki kwa tairi la tyubu. Jiwe likigonga, tyubu inabanwa na rimu na kutoka na matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona hayo, usihangaike kutafuta msumari. Tatizo la pili ni tairi kuteleza juu ya rimu unaposhika breki au kuvuta mafuta kwa nguvu. Linaburuta tyubu, na valvu inachanika kwenye shina, pancha isiyozibika. Ndiyo maana nati ya valvu siikazi kwenye rimu, naipandisha juu ikabane kifuniko. Valvu ikianza kuinama upande mmoja naiona mapema: natoa upepo wote, nalirudisha tairi hadi valvu isimame wima, kisha najaza upya. Ukirudi kwenye lami, simama uongeze upepo kabla ya kukaza mwendo. Pampu ndogo ya mkono inatosha, na geji iwe mfukoni.