Mradi wa majani ya mihogo, wiki ya 3: ile 61.5 imenidanganya

Haya jamani, wiki ya tatu hii, na leo ni ndefu kidogo maana siku mbili mfululizo nimelala saa tisa usiku. Kwa ambao hawakuwepo mwanzo: najifundisha kuifundisha kompyuta itambue magonjwa ya mihogo kwa kuangalia picha ya jani tu. Sababu ni shamba la mama kule Muheza, misimu miwili sasa mihogo inasimama vizuri, majani ya kijani, alafu unachimbua unakuta ndani imeoza kahawia, unakata unatupa, unakata unatupa. Hiyo ndo michirizi ya kahawia. Na ni ugonjwa wa kwetu kabisa, mtafiti Storey aliuelezea mara ya kwanza 1936 akiwa Amani, hapo hapo milimani Muheza, na leo bado unamlaza mtu na njaa. Inaniuma sana hii.

Data natumia ile ya 2020 ya Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, picha 21,397 za Uganda, nyingi wamezipiga wakulima wenyewe, zikawekewa majina na wataalamu wa NaCRRI, taasisi ya utafiti wa mazao ya huko, pamoja na maabara ya AI ya Makerere. Makundi ni 5: ugonjwa wa bakteria, michirizi, madoa ya kijani, batobato, na majani mazima. Nafanyia Colab, yaani kompyuta za Google za mtandaoni, picha zinashuka huko huko kwaiyo bando langu haliguswi sana, laptopu yenyewe ina RAM giga 4, haiwezi.

Sasa Jumatatu. Nimejenga modeli ndogo mwenyewe (modeli ndo programu inayojifunza kutoka kwenye picha), tabaka tatu za konvolusheni, yaani za kuchuja alama kwenye picha, nikaitreini, ikatoa usahihi wa asilimia 61.5. Nikafurahi kweli nikampigia mpaka dada. Raundi inayofuata 61.5. Inayofuata tena 61.5 ile ile, haipandi haishuki, hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi maana modeli inayojifunza lazima itikisike kidogo. Nikachapisha majibu yake moja moja: batobato, batobato, batobato, picha zote 4,280 za kupimia, zile nilizozitenga isijifunzie, imeziita batobato! Kumbe kwenye data batobato peke yake ni picha 13,158, na 2,632 ziko kwenye zile za kupimia, gawanya mwenyewe utapata 61.5. Haikujifunza jani hata moja, imeona kundi gani ni kubwa ikajificha humo. Na michirizi, ule ugonjwa ulionileta huku, kati ya picha 438 imepata sifuri.

Kwaiyo nimefanya mambo mawili. Kwanza nimeshusha kasi ya kujifunza, yaani ukubwa wa hatua modeli inapojirekebisha, nilikuwa nimeweka 0.1, kubwa mno. Pili nimeweka uzito, yaani modeli ikikosea kundi dogo inaadhibiwa zaidi. Hesabu yake ni picha zote gawanya kwa (5 mara picha za kundi), bakteria yenye picha 1,087 ikapata 3.94 na batobato 0.33. Alafu nikaachana na modeli yangu nikachukua MobileNetV2, modeli iliyotengenezwa na Google ambayo tayari imeshaona picha nyingine zaidi ya milioni moja, nikabadilisha na kufundisha tabaka la mwisho tu, baadae nikafungua na za juu kidogo nazo zijifunze. Usahihi wa jumla sasa 79, lakini namba ninayoiangalia mimi ni michirizi: 351 kati ya 438. Kuanzia leo sitaki kusikia usahihi wa jumla bila kuona kila kundi limepata ngapi.

Alhamisi nikajaribu picha za shamba la mama, alizonitumia kwa WhatsApp. Majibu hovyo kabisa. Nimehangaika masaa manne na kosa lilikuwa mstari mmoja: wakati wa kufundisha nilisoma picha kwa cv2.imread, amri ya OpenCV, na OpenCV inapanga rangi bluu-kijani-nyekundu, wakati za mama nilizisoma kwa Pillow, programu nyingine ya kusoma picha, inayoanza na nyekundu. Yaani modeli ilizoea njano ya batobato kama samawati, ikaletewa njano halisi ikapotea. Haikutoa ujumbe wowote wa kosa, ndo ubaya wake, programu inaendelea kimya kimya. Ukitumia OpenCV geuza rangi palepale unaposoma, usisubiri.

Kingine kidogo, picha ile ile ilikuwa inatoa jibu tofauti kila nikiiuliza. Nilisahau model.eval(), amri ya kuiambia modeli kwamba sasa inajibu, haijifunzi. Bila hiyo dropout, ile mbinu ya wakati wa mafunzo, inaendelea kuzima nyuroni (vipande vidogo vya hesabu ndani ya modeli) kwa bahati nasibu kana kwamba bado iko darasani.

Kilichobaki ndo kigumu. Picha 40 za mama, modeli inasema 11 zina michirizi, lakini jani sio shahidi wa kutosha kwa ugonjwa huu, ukweli uko kwenye mzizi. Nimemwambia mama afunge kitambaa chekundu kwenye mashina yale 11 na kingine cheupe kwenye 11 ambayo modeli inasema ni mazima. Jumamosi napanda basi la asubuhi, tunachimbua yote 22, tunakata, napiga picha kila mzizi. Mama ameshasema yale mazuri tunachemsha hapo hapo.